Lifti Mpya, Mlima Ule Ule: Somo la Foleni kwa Mwekezaji

Mwezi Juni 2022, katika mji wa Park City, jimbo la Utah nchini Marekani, tume ya mipango ya mji ilipiga kura tatu kwa moja na kuizuia kampuni kubwa kuliko zote katika biashara ya milima ya theluji kufunga lifti mbili mpya za viti. Lifti hizo zilikuwa zimekwisha kuagizwa. Kampuni yenyewe, Vail Resorts, ilikuwa imewatangazia wanahisa wake kuwa lifti hizo ni sehemu ya mpango wa kupunguza foleni. Waliokata rufaa walikuwa wakazi wanne tu wa mji huo.

Kwa mfanyabiashara wa kawaida jambo hili linashangaza. Wateja wanalalamikia foleni, kampuni iko tayari kutoa fedha zake yenyewe kuiondoa foleni hiyo, halafu majirani wanakataa. Hata hivyo, anayefuatilia hesabu ya mlima wa theluji hatua kwa hatua ataona kwamba pande zote mbili zilikuwa na hoja. Hesabu hiyo inamfaa mwekezaji yeyote anayesoma taarifa ya kampuni inayosema itaongeza uwezo wa kuhudumia wateja, iwe kampuni ya lifti, ya meli au ya mashine za kusaga.

BIASHARA ILIVYO

Mchezo wa skii ni kuteleza kutoka juu ya mlima hadi chini kwa mbao nyembamba zinazofungwa kwenye viatu. Kushuka ni kazi ya mteja mwenyewe na ya uzito wake. Anachonunua ni kupandishwa. Kwa sababu hiyo lifti ndiyo mashine inayozalisha fedha, na kituo cha skii bila lifti ni mlima mtupu.

Lifti ya kwanza ya viti duniani ilifunguliwa mwaka 1936 huko Sun Valley, jimbo la Idaho, kwenye kituo kilichojengwa na kampuni ya reli ya Union Pacific. Aliyeibuni ni mhandisi wa kampuni hiyo, James Curran, ambaye kabla ya hapo alikuwa ameshughulika na mitambo ya kupakia ndizi melini. Aliondoa kulabu za mikungu ya ndizi, akaweka viti. Wazo hilo ndilo linalotumika hadi leo: kebo ya chuma inazunguka bila kusimama, na mzigo unaning'inia.

Kwa miaka mingi viti vilibanwa moja kwa moja kwenye kebo. Kebo ikienda kasi, kiti nacho kinamfikia mteja kwa kasi hiyo hiyo na kumpiga magotini. Kwa hiyo kasi iliwekewa kikomo cha karibu mita 2.5 kwa sekunde. Mwaka 1981 kituo cha Breckenridge, jimbo la Colorado, kilifunga lifti ya kwanza ya kasi ya viti vya watu wanne ambayo kiti chake hujiachia kutoka kwenye kebo kinapofika kituoni, kikaenda polepole wakati abiria wanapanda, kisha kikaikamata kebo tena. Lifti za namna hiyo hufikia kasi ya mita 5 kwa sekunde. Baadaye zikaja za watu sita, halafu za watu wanane.

HESABU YENYEWE

Wengi hudhani kwamba lifti ikienda kasi mara mbili itapandisha watu mara mbili. Sivyo. Idadi ya watu wanaopandishwa kwa saa inategemea mambo mawili tu: kiti kina nafasi ngapi, na kiti kimoja kinafuata kingine baada ya sekunde ngapi. Viti vya watu wanne vikipita kila baada ya sekunde 6, ni viti 10 kwa dakika, sawa na watu 40 kwa dakika au 2,400 kwa saa. Kebo ikienda kwa mwendo wa kobe au wa duma, maadamu kiti kinapita kila sekunde 6, jibu ni lile lile.

Kasi inabadilisha muda wa kukaa hewani tu. Hapo ndipo penye siri ya biashara hii.

Tuchukue mfano wa mlima mmoja wenye lifti moja. Lifti ina urefu wa mita 1,800. Mlimani kuna wateja 1,200. Kila mteja huchukua dakika 8 kushuka. Wakati wowote ule, kila mteja yuko mahali pamoja kati ya patatu: hewani kwenye kiti, kwenye mteremko, au kwenye foleni. Wanaokwenda kunywa chai tuwaache kwanza.

Hali ya kwanza: lifti ya zamani. Kiti kinakwenda mita 2.5 kwa sekunde, kwa hiyo safari ya kupanda ni dakika 12. Wanapanda watu 40 kwa dakika. Hewani kuna watu 480, yaani 40 mara 12. Kwenye mteremko kuna watu 320, yaani 40 mara 8. Waliobaki, 400, wako kwenye foleni, nao watasubiri dakika 10. Mzunguko mzima, kuanzia foleni hadi kurudi kwenye foleni, ni dakika 30.

Hali ya pili: kampuni inaongeza kasi tu. Kiti bado ni cha watu wanne na bado kinapita kila sekunde 6, lakini safari sasa ni dakika 6. Hewani wamebaki watu 240. Kwenye mteremko bado ni 320. Wengine wote, 640, wako kwenye foleni, nao watasubiri dakika 16. Mzunguko bado ni dakika 30. Kampuni imetumia mamilioni ya dola, na foleni imerefuka kutoka dakika 10 hadi 16. Watu waliokuwa wamekaa kwenye viti wakitazama misonobari sasa wamesimama chini wakitazamana.

Hali ya tatu: kampuni inaongeza kasi na nafasi. Kiti ni cha watu sita, kinapita kila sekunde 6, na safari ni dakika 6. Sasa wanapanda watu 60 kwa dakika. Hewani wako 360. Kwenye mteremko wako 480. Foleni imebaki na watu 360, nao wanasubiri dakika 6. Mzunguko umekuwa dakika 20. Mteja aliyekuwa akishuka mara 2 kwa saa sasa anashuka mara 3.

Hali hii ya tatu ndiyo inayotiwa kwenye matangazo, na ni kweli kwamba foleni imepungua. Lakini kwenye mteremko palikuwa na watu 320, na sasa wako 480. Ni ongezeko la nusu nzima, mlima ukiwa ule ule, bila kuongezwa hata mteja mmoja. Ikiwa njia za kuteremkia zina ukubwa wa hekta 24, kila hekta ilikuwa na watu 13. Sasa ina watu 20.

Foleni, kwa maneno mengine, haikuondoka. Sehemu yake imehamia juu, nayo inashuka kwa kasi. Mtu aliyesimama kwenye foleni anakereka, ila hamgongi mwenzake.

FOLENI NI LANGO

Kuna hali ya nne, ambayo taarifa za kampuni huitaja mara chache. Habari zikienea kwamba foleni imepungua, wateja wanaongezeka. Tuseme wale 1,200 wamekuwa 1,500. Lifti ni ile ya watu sita. Hewani bado 360, kwenye mteremko bado 480, na foleni sasa ina watu 660, ambao watasubiri dakika 11. Foleni imerudi pale ilipokuwa kabla ya kununuliwa lifti mpya, na mteremko umebaki na msongamano mpya.

Mwekezaji aangalie hapa kwa makini. Mradi foleni ipo, idadi ya watu walio kwenye mteremko haitegemei idadi ya wateja walioingia mlimani. Inategemea uwezo wa lifti. Lifti ndogo ni kama lango jembamba: inawazuia wateja chini, na waliofika juu wanateleza kwa nafasi. Lifti kubwa inalipanua lango, na mteremko unajaa. Kwa hiyo meneja anayepanga uwezo wa lifti anapanga, kwa uamuzi ule ule, msongamano wa mteremko, apende asipende.

Nani amefaidika katika hali ya nne? Kampuni imeuza tiketi 300 zaidi kwa siku. Mteja hakutoka patupu, kwani mzunguko wake sasa ni dakika 25 badala ya 30. Lakini anateleza katikati ya watu wengi zaidi, na anasubiri muda ule ule. Kama mteja huyo atarudi mwakani ni swali ambalo hesabu ya mwaka huu haiwezi kulijibu.

THELUJI IKIPUNGUA

Mpaka hapa mlima umechukuliwa kuwa na theluji ya kutosha. Kwa kweli theluji ndiyo malighafi ya biashara hii, na ni malighafi ambayo hakuna msambazaji anayeweza kuahidi kuileta.

Mwanzo wa msimu, au mwaka wa ukame, kituo hufungua sehemu tu ya njia zake. Lifti huwa inafanya kazi kwa uwezo wake wote, kwa sababu lifti haihitaji theluji nyingi, bali njia ndizo zinazoihitaji. Katika mfano wetu, nusu ya hekta 24 zikifungwa, lifti ya zamani ingeweka watu 27 kwa hekta. Lifti mpya inaweka 40. Msongamano uliokuwa 13 siku njema na lifti ya zamani umekuwa mara tatu yake siku mbaya na lifti mpya.

Theluji yenyewe nayo huliwa. Kila mteja anayeshuka hukwangua na kusukuma theluji kuelekea chini na pembeni. Miteremko 3,600 kwa saa huichakaza njia kuliko miteremko 2,400. Ilipokuwa laini asubuhi, mchana hubaki barafu ngumu na hapa na pale udongo. Usiku matrekta makubwa ya minyororo hupita kusawazisha, lakini trekta haliongezi theluji, linapanga iliyopo.

Dawa ya kisasa ni theluji ya kutengeneza. Mizinga maalumu hurusha matone madogo ya maji hewani pamoja na hewa iliyoshinikizwa, nayo huganda kabla ya kufika chini. Inahitaji baridi ya chini ya nyuzi sifuri kidogo, na hewa ikiwa kavu kazi huwa rahisi zaidi. Mita moja ya ujazo ya maji hutoa takriban mita 2 hadi 2.5 za theluji. Kufunika hekta 24 kwa kina cha sentimita 30 kunahitaji mita za ujazo 72,000 za theluji, yaani kati ya mita za ujazo 29,000 na 36,000 za maji, pamoja na umeme wa kuyasukuma na kuyapuliza. Na joto likikataa kushuka, mizinga yote hukaa kimya hata kama bwawa limejaa.

Aidha, theluji na wateja haviendi kinyume kama mtu angedhani. Theluji ikiwa haba, njia ni chache na wateja waliopo wanabanana. Theluji ikiwa tele, njia zote zinafunguka lakini kila mtu anatoka nyumbani. Msimu wa 2022/23 kituo cha Alta, huko huko Utah, kilipata theluji ya inchi 903, karibu mita 23, na Marekani nzima ilihesabu ziara milioni 65 za watelezaji, idadi ambayo haikuwahi kufikiwa kabla. Foleni hutokea siku mbaya na siku njema pia. Siku za katikati ndizo zenye raha, nazo hazimleti mteja wa mbali.

KWA NINI KAMPUNI HUPENDA LIFTI KUBWA

Ili kumwelewa mwenye kampuni, ni lazima kuangalia tiketi zinavyouzwa. Vail Resorts iliingia katika Soko la Hisa la New York mwezi Februari 1997 kwa bei ya dola 22 kwa hisa. Kwa miaka kumi ya mwanzo mapato yake yalipanda na kushuka na theluji kama ya wengine wote. Mwaka 2008 ilianza kuuza tiketi ya msimu mzima kwa dola 579, inayotumika katika vituo vyake vyote, kwa masharti kwamba mteja alipe kabla msimu haujaanza.

Kwa mbinu hiyo, hatari ya hali ya hewa ilihamishwa kutoka kwa kampuni kwenda kwa mteja. Theluji isiponyesha, fedha zimekwisha kuingia. Hivi sasa zaidi ya nusu ya mapato ya lifti ya kampuni hiyo hutokana na tiketi za kulipiwa mapema. Wanahisa walifurahi, kwani mapato yanayotabirika yana bei kubwa sokoni kuliko mapato ya kubahatisha.

Lakini mteja aliyekwisha lipa hana gharama ya ziada ya kuja siku yoyote, kwa hiyo huchagua siku nzuri, na wenzake wote huchagua siku hiyo hiyo. Mwaka 2021 kampuni ilishusha bei ya tiketi ya msimu kwa asilimia 20, na idadi ya waliouziwa ikapita milioni 2. Kukawa na malalamiko ya foleni katika majimbo kadhaa. Septemba 2021 kampuni ilikuwa imetangaza mpango: matumizi ya zaidi ya dola milioni 300 kwa mwaka 2022, sehemu kubwa ikiwa ni lifti mpya karibu 20 katika vituo 14. Aidha kampuni ilitangaza kuweka kikomo cha tiketi za siku kwa msimu wa 2022/23, ingawa kikomo hicho hakikuwahusu wenye tiketi za msimu.

Lifti mbili za Park City zilikuwa ndani ya mpango huo. Moja ya watu watatu ilikuwa ibadilishwe iwe ya watu sita, na nyingine ya watu sita iwe ya watu wanane.

YALIYOTOKEA PARK CITY

Park City ni mlima mkubwa, wenye takriban hekta 2,950 baada ya vituo viwili kuunganishwa mwaka 2015. Vail Resorts iliununua mwaka 2014 kwa dola milioni 182.5. Uuzaji huo wenyewe ulitokana na kosa la karatasi. Kampuni iliyokuwa ikiuendesha kabla, Powdr, ilichelewa mwaka 2011 kuwasilisha barua ya kuongeza muda wa kukodi sehemu kubwa ya mlima, na baada ya kesi ndefu ikalazimika kuuza. Lifti zilikuwa zake, ardhi ilikuwa ya mwingine.

Mlima huo pia una mkataba na mji wa mwaka 1998, unaoeleza kiasi cha wateja wanaoweza kuhudumiwa kwa starehe na jinsi magari yao yatakavyoegeshwa. Afisa mipango aliidhinisha lifti mpya mwezi Aprili 2022. Wakazi wanne wakakata rufaa, na Juni 15 tume ikakubaliana nao. Sababu zilikuwa mbili: hesabu ya uwezo wa mlima haikulingana na mpango wa mkataba, na mpango wa maegesho haukutosheleza.

Kampuni ilisema lifti hazileti wateja wapya, zinawatoa tu kwenye foleni. Wakazi walisema wateja wakijua foleni imepungua watakuja, na magari yao yatajaa mitaani. Msomaji aliyefuata mfano wa hapo juu ataona kwamba kampuni ilikuwa ikizungumzia hali ya tatu, na wakazi hali ya nne. Zote zinatokana na hesabu moja. Tofauti ni kama idadi ya 1,200 itabaki ilivyo, na hilo lifti haiwezi kuliahidi.

Vyuma havikutupwa. Vilipelekwa katika kituo kingine cha kampuni hiyo, Whistler Blackcomb nchini Kanada. Ile ya watu wanane ilianza kazi huko Desemba 2023, na ile ya watu sita msimu uliofuata. Park City, kwa upande wake, ikaanza utaratibu wa kuweka nafasi na kulipia maegesho. Mwenye kutaka kujua kikomo cha kweli cha mlima ule kilikuwa wapi apime hapo: lifti zilikataliwa, maegesho yakapangwa.

Baada ya miaka miwili likaja fundisho jingine mahali pale pale. Kuanzia Desemba 27, 2024 hadi Januari 8, 2025, wakati wa sikukuu ambapo mapato ni makubwa, walinzi wa usalama wa mlima karibu 200 waligoma. Walitaka mshahara wa kuanzia upande kutoka dola 21 hadi 23 kwa saa. Lifti zilikuwa zima na theluji ilikuwa ikianguka, lakini njia haiwezi kufunguliwa kabla walinzi hawajaikagua na kuondoa hatari ya maporomoko. Sehemu ndogo tu ya mlima ikafunguliwa, foleni zikawa ndefu kupita kiasi, na picha zake zikazunguka dunia nzima. Mgomo uliisha kwa walinzi kuongezewa dola 2 walizodai, hasara ikiwa imekwisha ingia.

Soko la hisa halikusahau. Hisa ya kampuni iliyopita dola 350 mwishoni mwa 2021 ilikuwa chini ya dola 160 mwezi Aprili 2025, na mwezi Mei mkurugenzi mkuu akabadilishwa. Si haki kusema foleni peke yake ndiyo iliyofanya hivyo, kwani riba na hali ya uchumi pia vilikuwamo. Lakini sifa ya kampuni inayouza starehe ni mali, ijapokuwa haiandikwi kwenye mizania.

WALIOCHAGUA NJIA NYINGINE

Wapo waliofanya uamuzi tofauti. Jirani wa Park City ni kituo cha Deer Valley, ambacho kwa miaka mingi kimekuwa kikiweka kikomo cha wateja kwa siku na kutoza bei ya juu. Mwaka 2023 kilitangaza mpango wa kuongeza eneo lake zaidi ya mara mbili, lifti mpya zikienda sambamba na njia mpya na mizinga mipya ya theluji. Katika hesabu yetu, huko ni kuzidisha hekta pamoja na viti. Msongamano haupandi, ila mtaji unaohitajika ni mkubwa, na mwenye kituo hicho, Alterra, ni kampuni binafsi isiyouza hisa sokoni. Tena hekta mpya bila theluji ni hekta za karatasi tu.

Upande wa pili wa nchi, katika jimbo la Vermont, kiko kituo kidogo cha Mad River Glen. Tangu 1995 kinamilikiwa na wateja wake wenyewe kwa mfumo wa ushirika, kila mmoja na hisa yake. Lifti yake kuu ya mwaka 1948 ni ya mtu mmoja mmoja, inayopandisha takriban watu 500 kwa saa. Ilipochakaa, wanachama walikuwa na uhuru wa kununua lifti kubwa zaidi. Waliikataa. Mwaka 2007 waliijenga upya ile ile, kiti kimoja mtu mmoja.

Ni rahisi kuliona hilo kuwa mapenzi ya vitu vya kale. Lakini kituo hicho hutegemea zaidi theluji ya Mungu kuliko ya mizinga. Watu 500 kwa saa hawaichakazi theluji, na inadumu siku nyingi. Foleni ndefu chini ndiyo bei wanayolipa kwa mteremko mtulivu juu. Wenye hisa ndio wanaosimama kwenye foleni hiyo, na ndio wanaoteleza kwenye mteremko huo, kwa hiyo hawakuhitaji mshauri wa kuwaambia kipi wanakipenda zaidi.

Kwa kampuni ya sokoni, mwenye hisa na mwenye kusimama kwenye foleni ni watu wawili tofauti. Tofauti hiyo ndiyo inayofanya uamuzi kuwa mgumu, na ndiyo inayomtaka mwekezaji afanye hesabu yake mwenyewe.

MAMBO YA KUULIZA

Mwekezaji mdogo anayesoma kwamba kampuni itaongeza uwezo anashauriwa kuuliza yafuatayo kabla ya kununua hisa:

1. Kinachoongezwa ni kasi au ni nafasi? Kasi peke yake inaweza kuhamisha foleni bila kuipunguza.

2. Foleni ikitoka hapa itakwenda wapi? Ikiwa ni mlima, itakwenda kwenye mteremko. Ikiwa ni gati, itakwenda kwenye ghala au barabarani. Je, kampuni imepanua na huko?

3. Siku mbaya itakuwaje? Hesabu ifanywe kwa nusu ya malighafi, si kwa kiasi kamili. Mtambo mkubwa kwenye mwaka wa ukame unaweza kuzidisha tatizo.

4. Nani anaweza kusema hapana? Ardhi ni ya nani, kibali kinatoka wapi, na mkataba wa zamani unasemaje? Park City lifti zilikuwa tayari na kibali hakikuwapo.

5. Watu wa kuuendesha mtambo wapo, na wanalipwa nini? Ongezeko la dola 2 kwa saa lililokataliwa Desemba linaweza kugharimu sikukuu nzima.

6. Wateja wakiongezeka baada ya upanuzi, huduma itabaki nzuri au itarudi ilipokuwa? Ikirudi ilipokuwa, faida ni ya mwaka mmoja au miwili tu.

Kampuni inayoweza kujibu maswali haya sita kwa tarakimu inastahili kusikilizwa hata kama mpango wake ni wa gharama kubwa. Ile inayojibu kwa picha ya lifti inayong'aa, mwekezaji aiendee taratibu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na katika biashara hii daftari lina safu tatu: walio hewani, walio kwenye mteremko, na walio kwenye foleni. Anayeonyeshwa safu moja tu aombe kuziona nyingine mbili.